Manowari ya Kwenye Beseni

Mke wangu analitaka beseni lake. Leo siku ya nne nguo zinangoja, na kila akiuliza namjibu kwamba beseni lina manowari ndani. Jibu hilo, nimegundua, halimtulizi mwanamke mwenye mashuka machafu.

Kosa si langu, ni la Seyyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Unguja. Kimbunga cha Aprili 1872 kilimvunjia merikebu zake, naye mwaka uliofuata akaiona manowari ya Waingereza iitwayo Glasgow ikitia nanga Unguja. Ikamkaa rohoni. Akaagiza ya kwake Uskochi, kwa akina Denny wa Dumbarton, ya sura ile ile na jina lile lile, kama mtu aliyeona kochi kwa jirani. Ikakamilika mwaka 1878. Sasa tazama: ile ya Waingereza ilishushwa majini mwaka 1861, na ilikuwa ya mbao. Bwana mkubwa akalipia chombo kipya cha mtindo uliokwisha kupitwa! Kilipofika, inasimuliwa, hakikumpendeza. Kikatia nanga mbele ya jumba, kikakaa hapo miaka na miaka.

Kilichofuata mnakijua. Tarehe 25 Agosti 1896 Seyyid Hamad bin Thuwaini akafariki, Seyyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani, Waingereza wakamwambia atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kuna wanaosema vita vilichukua dakika 38, kuna wanaosema 45. Maharage ya nyumbani kwangu huchukua zaidi ya hapo, na bado huja mezani magumu.

Glasgow yetu haikukaa kimya. Ikaifyatulia St George, manowari ya Admirali Rawson yenye zaidi ya tani 7,000, na heko kwa waliothubutu. Ikajibiwa. Mabaharia wakapandisha bendera ya kusalimu amri, wakaokolewa, chombo kikazama pale pale. Milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza majini hadi mwaka 1912, ndipo mabaki yakaondolewa.

Nikipita Forodhani jioni, mkononi nina kahawa, naitazama ile bahari na roho inaniuma. Si siasa, tafadhali, sitaki kesi na mtu. Ni uchungu wa shabiki ambaye timu yake ilifungwa saba kabla hajapata kiti. Ndipo nikaamua: nitaichora upya. Nitaichora Glasgow ambayo Barghash angeipata kama angeagiza kwa akili, yenye kuhimili angalau hadi adhana ya adhuhuri. Nikajiwekea sharti moja tu: mkuku na mataruma ni yale yale. Ukibadili mkuku umejenga chombo kingine, na huo ni udanganyifu.

Nikachukua daftari la grafu la mwanangu. (Ana mtihani wa hesabu wiki ijayo. Atasamehe.)

Nilianza na mizinga. Glasgow ilikuwa na saba, kila mmoja ukitupa risasi ya ratili 9, pamoja na bombomu moja la Gatling. Zana zenyewe, wanasimulia, zilikuwa zawadi ya Malkia Victoria, nami sina la kuongeza hapo. Mizinga mikubwa ya St George ilitupa kombora la ratili 380. Yaani wewe unamrushia mwenzio nazi, yeye anakujibu kwa friji. Nikaifuta yote saba, nikaweka miwili ya inchi 6, mmoja omo na mmoja tezi. Nikajiona fundi.

Kisha deraya, maana nani ataupiga mzinga ule akiwa kifua wazi? Bamba la chuma la unene wa inchi moja lina uzito wa ratili 40 kwa kila futi ya mraba. Nikapima ukanda wa kulinda mitambo, urefu futi 100, kimo futi 8, pande zote mbili, unene inchi 4. Hesabu ikatoa tani 114. Kwenye chombo cha tani 1,400 na kitu! Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikapunguza unene hadi inchi 2, halafu nikakumbuka ile friji ya ratili 380, nikaurudisha 4 kwa hasira.

Uzito ukizidi, lazima kitu kishuke. Nikang'oa milingoti, foromali na matanga. Bila matanga unaishi kwa makaa peke yake, na makaa yanataka nafasi. Nikavibomoa vyumba vya Sultani. Seyyid atalala wapi? Atalala jumbani kwake, liko hatua chache.

Hapo ndipo beseni linapoingia. Nilichonga mfano wake kwa kipande cha mfenesi, shubiri mbili kasorobo, nikaupiga msasa hadi viganja vikawaka. Mahali pa mizinga nikaweka betri mbili kubwa za redio. Nikauteremsha majini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Ukasimama, ukawaza kidogo, ukalala ubavu. Betri moja ikaenda chini, blup.

"Baba, meli inaoga," akasema mwanangu, yule asiye na daftari.

Dawa ya chombo kinacholala ni farumi. Nikafunga sarafu sita za shilingi 200 chini ya mkuku kwa utepe. Kikasimama wima, hakitikisiki, ila sasa kimezama hadi maji yanaingia kwenye matundu ya ubavuni. Nikitoa sarafu kinalala, nikizirudisha kinakunywa. Siku ya pili na ya tatu zikapita hivyo, umeme nao ukikatika kila nikikaribia jibu.

Jana akaja ami yangu. Mzee huyu amejenga majahazi Nungwi tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kuchora hata moja. Hupima kwa jicho na kamba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Unafua?"

Nikamweleza yote: Barghash, ratili 380, tani 114. Alisikiliza kwa heshima ile ya kumsikiliza mgonjwa. Akakigusa chombo kwa kidole kimoja, kikayumba, akanyamaza, halafu akauliza:

"Siku ile ya vita, merikebu ilikuwa inakwenda au imetia nanga?"

"Imetia nanga, ami."

"Na hii yako?"

Nikasema yangu itakuwa na mizinga mikubwa. Akasema hajauliza mizinga. Nami nikakumbuka, kwa aibu, kwamba bandari hii hii imeshuhudia kisa hicho mara mbili: alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Waingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga hapa ikitengenezwa mitambo, akaja Mjerumani na manowari yake Königsberg akaizamisha. Mizinga ilikuwa nayo, minane.

"Basi, yako itang'oa nanga mapema," ami akasema kwa upole. "Ielekee Pemba, Chwaka, kokote. Nionyeshe mtambo wa kung'olea nanga uko wapi."

Nikakunjua mchoro juu ya kifuniko cha ndoo. Nikatafuta omo, nikatafuta chini ya sitaha, nikageuza karatasi. Mahali pake nilikuwa nimejaza makaa.