Maziwa Yamwagike, Watu Wapige Vigelegele

Januari tunaijua wote. Ni mwezi wa ada, wa kodi ya nyumba, wa kuzima simu ukiona jina la mtu uliyemwahidi Desemba. Mwenye akili zake Januari hutulia nyumbani, hunywa chai ya rangi na kusubiri mshahara. Sasa nielezeni: Watamil wa kusini mwa India wametoa wapi jeuri ya kuuchukua mwezi huohuo, katikati yake kabisa, tarehe 14 au 15, wakaupachika sikukuu ya siku nne?

Jeuri hiyo nimeishuhudia Chennai, nilikopelekwa na goti la shangazi. Hospitali za mji ule zimezoea wageni wa kwetu. Ukikaa kwenye benchi la kusubiri daktari utasikia Kiswahili cha Tanga upande huu na cha Mombasa upande ule, wote wakinong'ona bei. Tulipanga chumba kwa mama mmoja mwenye asili ya Madurai. Mtaa mzima unamwita Amma, nasi tukamwita hivyo. Mimi aliniita thambi, yaani mdogo wake wa kiume. Nilifurahi, mpaka nilipogundua kuwa thambi ndiye anayetumwa sokoni kubeba miwa.

Sikukuu yenyewe ni Pongal, ya mavuno. Mpunga wa bonde la mto Kaveri unavunwa majira hayo, miwa imekomaa, manjano yanang'olewa shambani, basi watu wanalishukuru jua na ng'ombe. Sababu yao haina ubishi: wao wana ghala, mimi nina madeni. Na serikali ya jimbo la Tamil Nadu nayo inachochea. Mwaka 2024 familia zenye kadi za mgawo ziligawiwa kilo 1 ya mchele, kilo 1 ya sukari, muwa mzima na rupia 1,000 taslimu. Nimewahi kupewa kitu na serikali mwezi wa Januari? Nimewahi. Kalenda.

Siku ya kwanza inaitwa Bhogi, nayo ni siku ya kuchoma vikuukuu. Kabla hata hakujapambazuka watoto wanapiga vigoma mlangoni, watu wazima wanatoa mikeka iliyochakaa na mafagio yaliyonyonyoka, wanaviwasha moto. Kila mwaka mamlaka zinawasihi wasichome matairi na plastiki, na kila mwaka kuna jirani mwenye tairi. Januari 2018 moshi wa asubuhi hiyo ulishikana na ukungu hadi ratiba za ndege zikavurugika uwanja wa Chennai. Amma alipita chumbani kwetu akiuliza kwa ishara kama tuna chochote cha kuchangia. Shangazi, ambaye siku hizo safari ya kitandani hadi msalani ilihitaji kikao, alinyanyua mkono haraka na kuelekeza kidole kwenye begi langu lililokatika zipu. Nililikalia begi hilo mpaka moto ulipozimika.

Kisha kuna suala la mlango. Kila alfajiri wanawake huchora kolam mbele ya nyumba, nakshi za unga wa mchele zinazozungushwa kwenye vitone bila mkono kutetereka, na wadudu na ndege wanakuja kujilia humo. Vizuri sana. Lakini kwa Pongal, Amma alikitanda kizingiti chote, akatoka getini, akachora chungu, miwa na jua lenye miale, akateka nusu ya barabara. Pikipiki zilipinda kuipisha. Mimi niliyetumwa maziwa nilirukia wapi? Nilipita kwa jirani, kupitia ukuta.

Na maziwa hayo ndiyo yaliyonimaliza. Siku ya pili ndiyo Pongal yenyewe. Amma aliweka mafiga ya matofali juu ya dari ya nyumba, jua linapochomozea, akateleka chungu kipya kilichofungwa shingoni mche wa manjano na majani yake mabichi. Njaa ilikuwa inaniuma tangu alfajiri, lakini huko uji hautelekwi kwa sababu ya njaa. Unatelekwa kwa saa njema iliyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Tukaisubiri kalenda. Hatimaye maziwa yakamiminwa, yakaanza kutokota, povu likapanda, likafika ukingoni.

Ndugu msomaji, wewe umelelewa kama mimi. Kwetu mtoto aliyeachiwa maziwa jikoni yakafurika hakuulizwa mara mbili, alitafutwa. Nimekua nikijua kuwa povu likipanda unapuliza, unakoroga, unatoa kuni, unaita watu. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kuvuta kuni. Amma aliuchapa kofi. Yaachwe! Yamwagike! Na yakamwagika kweli, yakateremka ubavuni mwa chungu hadi motoni, maziwa niliyoyapandia ukuta, na familia nzima ikapiga kelele kwa furaha: "Pongalo Pongal!" Kufurika kule ndiyo heri ya mwaka. Hata upande yanakomwagikia una maana yake, na wazee waliinama kuukagua.

Shemeji zake Amma waliotoka Madurai wakatia vigelegele. Ndiyo, vigelegele, vya ulimi, hivihivi vyetu. Kwao ni kulavai. Hapo shangazi akaona amechokozwa. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, goti limenyooshwa juu ya mto, kanga mbili mwilini. Alijifunika mdomo kwa kiganja akaachia kimoja kirefu, cha harusi ya Wete, hadi majirani wa ghorofa la pili wakatoka kibarazani. Tangu dakika ile nyumba ikawa yake. Mimi nikabaki mtu wa miwa.

Ndani ya chungu ukatiwa mchele mpya, choroko zilizokobolewa, sukari guru, samli, iliki, korosho na zabibu zilizokaangwa. Hiyo ndiyo sakkarai pongal. Shangazi ana sukari, na daktari alinikabidhi mimi jukumu la kumchunga.

"Shangazi, hiyo ni sukari."

"Hii si sukari, baba. Ni guru."

Amma hakuelewa hata neno moja, lakini alimwongezea.

Kuna pia ile isiyo tamu, ven pongal, yenye pilipili manga, binzari nyembamba na tangawizi, ambayo ukiimaliza unalala ulipokaa. Na vadai, badia zenye tundu katikati. Vyote juu ya jani la mgomba. Nikasema basi. Wakaongeza. Nikaweka mkono juu ya jani. Samli ikapitia kati ya vidole. Kumbe dawa ni kulikunja jani, tena ulikunjie upande wako, maana kulikunjia nje ni kwa matanga. Shangazi aliligundua hilo kwa kuangalia wenzake. Alisubiri nishindiliwe ndipo akaniambia.

Siku ya tatu ni ya ng'ombe: wanaogeshwa, wanapakwa rangi kwenye pembe, wanavishwa maua na kulishwa pongal. Ng'ombe wa mtaa wetu alipakwa bluu na nyekundu, na siku hiyo hakuna aliyemtuma popote. Kwenye televisheni ilikuwa jallikattu ya Palamedu, vijana wakigombea kung'ang'ania nundu ya fahali. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku mchezo huo mwaka 2014. Januari 2017 umati ukapiga kambi ufukwe wa Marina mpaka sheria ikarekebishwa, na mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikairidhia. Shangazi, mzaliwa wa Pemba, hakutaka historia. Yeye mchezo wa ng'ombe ameukuta utotoni. Alimkosoa kila kijana aliyerushwa, na mashemeji wakawa wanamgeukia yeye kabla ya mtangazaji.

Siku ya nne watu hutembeleana. Marina hujaa hadi polisi huwafunga watoto vitambulisho mikononi wasipotee. Mimi nilitembelewa. Wageni wote waliuliza maswali mawili kwa mpangilio uleule: umekula, na umeoa. La kwanza hawakungoja jibu.

Kama una mgonjwa wa kumpeleka Chennai na daktari amekupangia Januari, mwombe akusogeze hadi Machi. Akikataa, nenda, ila uvae suruali yenye mpira kiunoni.