Spika Imekohoa, Kamati Imeitwa

Spika ya tarumbeta ikianza kukwaruza mtaani, mtuhumiwa wa kwanza huwa maikrofoni. Hugongwa kwa kidole, hupulizwa, huambiwa "alo, alo", kisha mtu mzima hupandishwa nguzoni kwenda kuizaba spika makofi.

Fundi hufika na mita. Anachomoa nyaya mbili, anagusisha ncha. Yuniti, yaani kile kiini cha spika kinachotoa sauti, ikiwa ya omu 8 na nzima husoma omu 6 au 7 hivi. Isiposoma kitu, koili imekatika. Anaifungua yuniti: kiwambo kimepasuka, waya wa koili umekuwa mweusi kama masizi, na mdomoni mwa tarumbeta nyigu wamejenga. Hao nyigu ndio watakaotajwa kwenye taarifa ya kamati.

Kilichoiunguza hakitajwi. Yuniti ya wati 30 ilifungwa kwenye amplifaya ya wati 250, na kila msemaji alipoona wasikilizaji wanasinzia aliagiza, "Ongeza sauti!", mpaka kitufe kikagota.

Kiwambo kipya chenye koili yake huuzwa peke yake, na hufungwa kwa skrubu chache tu. Ila kabla ya kukifunga, ndugu msomaji, mtafutie kazi nyingine yule aliyekabidhiwa kitufe cha sauti.