Namna ya Kuifikisha Ngozi Kiwandani Bila Kuiaibisha

Ndugu mwenye bucha wa Mbalizi, na wewe mchunaji unayechunia kisu kilekile cha kukatia mbavu, mwongozo huu ni wenu. Anayetaka chujio la chai akanunue sokoni. Ngozi ya ng'ombe haikuumbwa iwe na matundu. Kila tundu linalotobolewa machinjioni hapa linasafiri na lori hadi kiwanda cha Karanga kule Moshi, na likifika huko hakuna mashine wala dawa ya kuliziba.

Tuanze na ng'ombe akiwa bado anatembea. Wengi wanaoletwa kutoka Usangu na Chunya wamechomwa chapa ubavuni, herufi kubwa utadhani mwenye mali anagombea udiwani. Ubavu na mgongo ndizo sehemu zenye thamani kubwa kuliko zote kwenye ngozi. Piga chapa shavuni au chini ya goti. Mwizi naye anaweza kusoma herufi ndogo. Mifugo iogeshwe, kwa sababu kila kupe anaacha kovu linalojitokeza pale kiwandani, manyoya yakishatolewa kwa chokaa. Fimbo yenye miiba itupwe.

Machinjioni, mnyama aning'inizwe. Ukimchunia sakafuni, ngozi inaburutwa juu ya damu, samadi na kokoto. Damu itoke yote, maana inayobaki kwenye mishipa ndiyo inayowahi kuoza. Shika kisu cha kuchunia, kile chenye ncha ya mviringo. Pasua mstari mmoja ulionyooka kutoka kidevuni hadi mkiani, kisha upande wa ndani wa miguu. Baada ya hapo mikono ndiyo ifanye kazi kubwa. Kwa kondoo, ukishapasua mistari hiyo weka kisu chini: ingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, sukuma taratibu mpaka iachie. Kondoo wetu wa nyanda hizi hana sufu ya kusokota nyuzi, ana manyoya mafupi tu, lakini ngozi ya kondoo wa aina hiyo ni laini na viwanda huitengenezea glavu na makoti. Anayeipasua kwa pupa anachana koti la mtu kabla halijashonwa.

Kuna wachunaji wanaojisifu kwa kasi. Mwambieni huyo bingwa aitandaze ngozi yake, aiinue juani, aangalie kwa upande wa nyama. Palipotoboka mwanga unapita. Palipokwanguliwa bila kutoboka panaonekana pembamba, na hapo ndipo kiatu kitakapopasukia.

Sasa chumvi, na hapa ubahili wetu unatia hasira. Mtu anauza nyama ya ng'ombe mzima, halafu ngozi anaikunja na kuitupa kwenye kona hadi kesho yake asubuhi, eti mnunuzi atakuja. Bakteria hawamsubiri mnunuzi. Ndani ya saa chache ngozi inaanza kuoza, na dalili yake ni manyoya kung'oka ukiyavuta kwa vidole viwili. Osha damu na mavi, acha maji yachuruzike, kata masikio, midomo na kwato, ondoa mafuta na vipande vya nyama vilivyobaki. Tandaza upande wa nyama ukiwa juu, mahali penye mteremko ili maji yake yatoke. Ngozi ya kilo 15 inataka chumvi ya kilo 5 hivi, ya chengachenga, mpya. Chumvi iliyokwishatumika hubeba vijidudu vinavyoacha madoa mekundu. Na mtu wa huku asilalamike kwamba chumvi ni kitu kigeni: Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, eneo lililokuwa la Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi.

Kama chumvi haipo, wamba ngozi kwenye fremu, kivulini, penye upepo. Kuianika chini kwenye jua kali ni kuipika. Juu inakauka vizuri, katikati inageuka gundi, na mnunuzi haoni kitu. Siri inafichuka kiwandani ikilowekwa: inavimba malengelenge na kuachana matabaka.

Tanzania ina sheria ya biashara ya ngozi tangu mwaka 2008, na Mbalizi ni mji uliojengewa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, kwa hiyo hatuwezi kusema biashara hii hatuijui. Kinachotuangusha ni bei. Ngozi nzima na ngozi yenye matundu zikilipwa sawa, mchunaji hana sababu ya kuwa mwangalifu, hasa akiwa analipwa kwa kichwa cha ng'ombe. Mwenye bucha, mwongezee mchunaji wako kwa kila ngozi inayotoka bila mkato. Nawe mnunuzi, weka bei mbili kuanzia wiki hii, na uzibandike ukutani pale machinjioni.