Kwa Heshima na Taadhima, Bwana Maoni

Watu wamesifu mashujaa, wamesifu wali wa nazi, na wengine wamesifu wakubwa wakapewa fulana. Leo nami nasimama kumsifu mnyonge mmoja ambaye hajawahi kuandikiwa hata ubeti, ingawa anatutumikia usiku na mchana na hadai mshahara wala likizo. Namsifu Bwana Maoni. Yule wa wataalamu, mwenye tanbihi na kamati ya kumkagua, ana watu wake wa kumsifu. Wangu ni huyu wa kijiweni, anayezaliwa pale mtu anaposhika kahawa mkono mmoja na simu mkono wa pili, habari yenyewe ikiwa bado inajizungusha kufunguka kwa sababu bando limebaki kidogo.

Kijiwe chetu kipo Dar es Salaam, chini ya mwarobaini, ubavuni mwa fundi baiskeli. Kuna mabenchi mawili, ubao wa drafti unaochezwa kwa vizibo vya soda, na muuza kahawa mwenye birika juu ya mkaa na sahani ya kashata. Wanachama wa kudumu ni Injinia, aliyepata cheo hicho kwa kubeba zege siku ulipojengwa mnara wa simu mtaani. Daktari, ambaye amelazwa mara tatu akatoka salama. Na mimi, ninayeitwa Mwandishi kwa sababu ya miwani. Katika baraza hili hakuna jambo la teknolojia, la tiba wala la anga lililowahi kutushinda. Mengine yametukalisha hadi adhana ya Isha, lakini kutushinda, hapana.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza nasaba yake. Bwana Maoni ni mtoto wa Mzee Nimesikia na Bi Inasemekana. Babu yake ni Lisemwalo Lipo, mzee mjanja ambaye ukimbana kwamba hilo alilosema mbona halipo, hukujibu kwa utulivu: kama halipo, laja. Shangazi yake ni Sambaza-kwa-Watu-Kumi, mama mcha Mungu anayetibu kila ugonjwa kwa limau na maji ya moto. Ukoo huu ni mkubwa na una baraka moja ambayo koo nyingine hazina: haujawahi kuweka matanga. Ndani yake hakuna anayekufa.

Nitoe ushahidi. Mwaka 1999 tuliambiwa kwamba saa sita usiku ya kuamkia 2000 kompyuta zitadhani ni 1900, na kwamba ndege zitadondoka kama maembe. Saa sita ikafika, ikapita, hakikudondoka kitu. Mwingine angeinamisha uso. Bwana Maoni alibadili kanzu usiku uleule akatokea mlango wa pili: “Si niliwaambia ni uongo wa kuuzia kompyuta?” Kwamba waandika programu duniani kote walikuwa wamekesha miaka kadhaa wakirekebisha tarakimu mbili mbili za tarehe, na kwamba ndiyo maana asubuhi ilikuwa ya amani, hilo halikukaribishwa kijiweni. Kazi iliyofanywa vizuri haina kelele, na kisicho na kelele hakipati nafasi kwenye benchi.

Sifa yake ya kwanza, basi, ni wepesi. Siku niliyoiona sifa hii katika utukufu wake ni Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Intaneti ililegea, ikakohoa, ikalala. Ujumbe hauendi, picha haifunguki, kijana anayeweka dau la mpira akabaki ameinua simu juu kama anayeomba mvua. Kabla kahawa haijapoa tulikuwa na majibu manne. Fundi baiskeli alisema satelaiti imeishiwa chaji. Daktari alisema wakubwa wamezima wenyewe, kuna jambo wanalipitisha. Injinia alishika kiuno akatamka neno moja: “Papa.” Papa wametafuna waya chini ya bahari. Mimi nilisubiri kimya kidogo, maana hekima lazima ichelewe, kisha nikawaeleza kwamba waya umekatwa na vita vya Bahari ya Shamu. Nilikuwa nimesoma kichwa cha habari kama hicho mwezi Februari, kichwa tu, na sikuona sababu ya kukiacha kiozee kichwani. Wakanisogezea nafasi nzuri kwenye benchi.

Ukweli wenyewe, maskini, ulikuja kwa miguu. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. EASSy ni mkongo wa takriban kilomita 10,000, unatoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan, na njiani unachungulia nchi kavu hapahapa Dar es Salaam na pale Mombasa. Kwenye kina kirefu waya huo si mnene kuliko mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake habari hupita kama mwanga katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Ukikatika, hupelekwa meli maalumu. Inakokota ndoano sakafuni mwa bahari, inanasa ncha moja, kisha nyingine, inazipandisha sitahani, na mafundi huziunga uzi kwa uzi. Ni kazi ya siku nyingi. Sasa nani ana siku nyingi? Sisi tulikuwa tumeshamaliza kesi na kutoa hukumu kabla meli haijang’oa nanga.

Na nanga ndilo neno lenyewe. Kila mwaka nyaya za namna hii hupata hitilafu mara 150 hadi 200 duniani, na mara nyingi mkosaji ni nanga ya meli au nyavu za wavuvi. Hata hivyo simruhusu mtu amcheke Injinia. Miaka ya 1980 meno ya papa yalikutwa kweli ndani ya waya wa baharini, karibu na Visiwa vya Canary. Kwa hiyo Injinia hakuongopa. Alikosea miaka arobaini na bahari moja tu, na kwa viwango vya kijiwe huo ni ulengaji shabaha.

Sifa ya pili ni usawa. Nenda maabara, utaulizwa cheti. Nenda chuo kikuu, utaulizwa ada. Kwa Bwana Maoni unaulizwa kama kahawa ni moja au mbili. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kama kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la anga za juu la Kenya lilituma watu, likalilinda eneo, likapima, likasema ni pete ya roketi, ile inayotenganisha sehemu moja na nyingine. Kijiwe chetu hakikutuma mtu, hakikupima, na kilimaliza mapema. Dereva wa bodaboda alisema ni bomu lililogoma. Mstaafu wa bandari alisema ni mlango wa ndege. Injinia alipoambiwa habari ya pete ya roketi alicheka mpaka akashika benchi: “Pete gani isiyo na kidole?” Hoja hiyo haijajibiwa hadi leo.

Sifa ya tatu ni ushujaa. Bwana Maoni hajui kurudi nyuma, hata akiwa peke yake porini. Mwaka 2020 alitueleza kwamba korona inaletwa na minara ya 5G. Uingereza walimwamini kiasi kwamba mwezi Aprili wakaanza kuichoma moto. Kwetu hatukuchoma kitu, lakini tuliujadili mnara wa 5G kwa uchungu mkubwa, kwenye kijiwe ambacho nusu ya simu zilikuwa vitochi. Virusi navyo vikaendelea na safari zao, vikafika hata vile vijiji ambavyo ukitaka mtandao wa kawaida lazima upande juu ya kichuguu. Je, Bwana Maoni alitetereka? Alisema hiyo ndiyo dalili kwamba wanaficha.

Najua wapo wabaya wake. Watasema debe tupu haliachi kuvuma. Nawajibu: nani aliwahi kucheza ngoma kwa debe lililojaa? Tena tusisahau tunaishi wapi. Simu tunayoishika imeundwa mbali, programu iliyomo imeandikwa mbali, waya umetandazwa na meli tusiyoiona, na maelezo ya matumizi yameandikwa kwa herufi ndogo katika lugha ya watu wengine. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na sisi tumekuwa wa kuona vikielea. Katika kampuni hii kubwa ya dunia, maoni ndiyo hisa pekee tuliyoweza kumudu. Mtu akikunyang’anya hisa yako moja, umebaki na nini? Umebaki na bili.

Wabaya hao nilidhani nitawamaliza kwa kumleta mtakatifu wetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inagombewa, naye akaona asipoteze yake. Akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja kuzungumza nao Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile. Wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake duniani kote, na wanafizikia wangali wanabishana: linatokea kweli, linatokea lini, na kwa sababu gani.

Nilimpeleka Mpemba kijiweni kwa shangwe. Nikasema, tazameni, mmoja wetu! Maoni ya mtoto wa shule yamewashinda wenye vyeti! Lakini nilipokuwa nasimulia niligundua dosari ambayo, kama msifu mwaminifu, sikuweza kuipaka rangi. Yule kijana alirudi kwenye friji. Hakutosheka na mara moja, akarudia. Hakusema inasemekana, alisema nimeona. Na alipopata nafasi ya kusimama mbele ya mtu mkubwa aliuliza kwa nini, akakubali kuchekwa na darasa zima kwa ajili ya neno hilo. Sisi neno hilo hatunalo. Waya ukikatika, pete ikianguka, ugonjwa ukiingia, kijiwe hakiulizi kwa nini. Kinauliza nani yuko nyuma yake. Swali la Mpemba linahitaji friji, maziwa na subira. Letu linahitaji adui tu, na maadui hawana msimu, wapo mwaka mzima kama mchicha.

Nilipofika hapo wenzangu walinitazama kwa huruma. Daktari akauliza, “Sasa huyo Mpemba alilipwa na nani?” Nikajua sifa za Bwana Maoni ziko mikono salama, na kwamba jaribio langu la kumpatia mtakatifu lilikuwa la bure. Hahitaji mtakatifu. Ana sisi.

Nisifunge bila kumtaja mnufaika mkuu, muuza kahawa. Huyu katika miaka yote sijamsikia akitoa maoni hata moja kuhusu satelaiti, virusi wala papa. Yeye humimina tu. Jumapili ile ya waya, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuchungulia simu na kumsahihisha mwenzake, hoja zilipanda hadi birika la kwanza likaisha kabla ya Magharibi, akateleka la pili, na kashata zikabaki chengachenga sahanini. Siku mtandao uliporudi sawasawa tulikaa mabenchi yaleyale, kila mtu ameinamia kioo chake, kimya kama tuko kwa mganga. Kahawa ikapoa vikombeni. Vizibo vya drafti havikusogea.

Akanisogelea taratibu, kikoi begani, akainama asisikike na wengine. “Mwandishi, wewe ni mtu wa kusoma. Huo waya hukatika kila baada ya muda gani?”

Nikamjibu papo hapo, bila hata kuweka kikombe chini: “Kila Mei.”

Akashukuru sana, akaenda kuagiza mkaa.