Sifa za Mkweche Wangu

Wenye Corolla nawahurumia. Asubuhi huliwasha, huenda Kamembe, hurudi, hulala. Mwaka unapita fundi hawajui, nao hawamjui. Mimi nina gari la Ulaya. Jina la kampuni yake nalisitiri, maana nalo ni mtoto wa watu. Lina miaka zaidi ya ishirini na maringo ya bibi harusi: haliondoki nyumbani mpaka libembelezwe. Leo nalitolea sifa zake.

Huku Giheke, wilaya ya Rusizi, tambarare ni ya kutafuta kwa tochi. Jirani yako ama yuko juu yako ama yuko chini yako. Mwenye gari zima huliegesha popote. Langu hulala likitazama bondeni, kwa kuwa betri yake ni jambo la imani. Serikali imetupa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Gari langu limetupa umuganda wa kila asubuhi. Wanafunzi, wachuma chai, mzee wa kanisa na koti lake la Jumapili, wote wamewahi kuweka mikono kwenye buti lile. Aliyekusukumia gari hawezi tena kukununia, ana hisa.

Na elimu je? Hiace yenye injini ya 5L, dizeli ya lita 3, haimfundishi mtu kitu. Haina kompyuta, fundi husikiliza mlio, akataja ugonjwa, akashika spana. Langu limejaa sensa. Taa ya injini ilipowaka tulibadilisha sensa moja, ikaendelea kuwaka. Tukabadilisha ya pili, ikawaka vizuri zaidi. Mwezi wa tatu tukagundua waya uliotafunwa na panya. Kubadilisha balbu ya mbele lazima kwanza bampa ivuliwe. Fundi wangu alianza kibanda chake akiwa na kijana mmoja wa kumshikia tochi. Sasa ana vijana watatu, na nadhani wawili kati yao ninawalipa mimi.

Spea zake ni safari. Za Hiace ziko dukani Kamembe. Zangu nilizifuata Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Rwanda ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia tangu 2005, lakini Kongo yapo tele, ingawa kote kuwili tunaendesha kulia. Basi nikarudi na taa ya mbele ya bei nzuri, iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Usiku haimuliki ukingo wa barabara, inammulika anayekuja. Madereva wote wa njia hii sasa wananifahamu, na wananiita kwa majina mbalimbali.

Lakini sifa yake kuu niliiona kwenye msitu wa Nyungwe, nikienda Huye. Mlima Bigugu humo una mita 2,950, na barabara yenyewe inapanda mpaka mfuniko wa rejeta uliolegea unakiri dhambi. Mita 2,500 juu ya bahari maji huchemka yakiwa na nyuzi 92 hivi, si 100. Mfuniko mzima huyabana yasichemke mapema, wangu haubani kitu. Gari likachemsha mgongoni pa msitu, pale mvua inapogawanyika, nyingine ikienda mto Kongo, nyingine Nile. Rejeta ikamwaga pande zote mbili. Corolla gani imewahi kuwapelekea maji Wamisri na Bahari ya Atlantiki kwa siku moja?

Wanaoniambia niliuze hawaelewi. Nani atalinunua? Fundi alikataa hata kupewa bure, akasema yeye ana familia.

Kesho naliendesha tena kuelekea Ntendezi. Ukiona mtu ameketi juu ya galoni kando ya barabara, boneti iko wazi na mvuke unapanda, usipige honi. Simama, ndugu yangu. Na kama una maji, shuka nayo.