Mahaba, Miti na Mchuzi Wenye Divai

Watu wa Pwani hatwendi Nairobi kutembea. Twaenda kwa sababu, na sababu zenyewe zajulikana: daktari bingwa, viza, harusi, maziko, au bidhaa za kuja kuuza. Kwa hiyo mume wangu alipotangaza mbele ya mama yake kwamba Agosti, shule zikishafungwa, mimi na yeye tutakwenda Nairobi "kupumzika tu", mama mkwe aliweka kikombe chini akanitazama tumbo. Kisha akamtazama mwanawe. Akauliza kama majibu ya vipimo yametoka.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Mtaani aitwa Mwalimu, na hata mimi nimeshazoea kumwita hivyo. Mtu wa namna hii hapangi safari, atunga mtihani. Alichukua daftari la miraba, akapiga safu tatu kwa rula: Mahaba, Miti, Halali. Kila saa tutakayokuwa safarini ilipaswa kujaza walau safu mbili. Saa isiyojaza hata moja ilikatwa kwa kalamu nyekundu, na hivyo ndivyo mapazia niliyokusudia kununua Eastleigh yalivyokatwa mapema kabisa.

Nimtetee kidogo, maana wazo lenyewe si baya. Ni miji mikuu michache sana duniani yenye simba ndani ya mipaka yake. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ipo tangu 1946, kilomita za mraba 117, na ukisimama ndani yake waona twiga mbele na maghorofa ya mji nyuma. Kuna msitu wa Karura, hekta zipatazo elfu moja, dakika chache kutoka kwenye misongamano ya magari. Waislamu nao wamejaa: Msikiti wa Jamia uko katikati ya mji, Eastleigh inapika usiku na mchana, na South C huwezi kupita mtaa usisikie adhana. Kwa hesabu ya Mwalimu, miti ipo, halali ipo, na mahaba twaja nayo wenyewe kutoka Mombasa. Safu ambayo hakuipiga ni ya jamaa.

Mama mkwe, alipokubali kwamba siumwi, alihamia swali la pili. "Mwanangu, huko bara mtakula nini?" Hakungoja jibu. Asubuhi ya safari tulikuta kikapu mlangoni: mahamri, kachiri, achari ya maembe, na chini kabisa furushi lililozongwa magazeti na kufungwa kamba ya mkonge. "Hilo si lenu," akasema. "Ni papa mkavu wa wifi yangu, South C. Mtampitishia tu mkipata nafasi."

Anayemjua papa mkavu hahitaji maelezo. Asiyemjua ajue tu kwamba samaki huyu, akishapigwa chumvi na kuanikwa, hutangulia mwenyewe kuingia chumbani, aliyembeba akafuata. Kwenye treni, kutoka stesheni ya Miritini mpaka Tsavo, abiria walifikiri ni choo cha behewa kimeharibika. Walipotokea ndovu wekundu upande wa kushoto, wote walisimama kuwapiga picha, na nina hakika baadhi yao walisimama ili wapate hewa.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Agosti jua lake ni la kusimuliwa. Kwenye daftari, chini ya Mahaba, paliandikwa "kutazama machweo roshani". Tulikaa roshani. Tulitazama wingu likigeuka kutoka kijivu chepesi hadi kijivu kizito, mimi nimejifunga blanketi la hoteli, Mwalimu yuko na shati la mikono mifupi kwa sababu ndilo alilopigiwa pasi kwa ajili ya machweo. Meno yake yalikuwa yakigongana. Nilimuuliza kama yu mzima, akasema hayo ndiyo maumbile.

Chumba, nisiwe mwizi wa fadhila, kilikuwa kizuri. Taulo mbili zilikunjwa zikawa mabata maji yanayobusiana, kitandani pamemwagwa maua ya waridi, na kwenye meza, pamoja na kadi ya kututakia heri, palikuwa na chupa ya divai nyekundu. Zawadi. Mwalimu hakutaka hata ilale chumba kimoja nasi. Akaifunga taulo, bata mmoja akavunjika, akatoka nayo kuirudisha mapokezi, akiishika kwa ncha za vidole kama mtu anayerudisha paka wa jirani.

Nilimfuata nyuma. Lifti ikafunguka, na ndani amesimama mzee wa heshima, kofia ya vito, kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, tasbihi mkononi. Alikuwa amekuja hotelini kwenye kikao cha posa. Taulo likachagua dakika hiyo kuteleza.

"Assalaam alaykum," akasema mzee, macho kwenye chupa.

"Waalaykumus salaam," akajibu Mwalimu. "Mzee wangu, nairudisha."

Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu. "Mlango wa toba haufungwi, mwanangu," akasema, na lifti ikateremka kimya mpaka chini.

Sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu 4,397,073. Mwalimu alinisomea takwimu hiyo kwenye treni kunihakikishia kwamba hapatakuwa na mtu wa kutujua. Miongoni mwa watu hao, mmoja husali safu moja na mume wa shangazi yake Mwalimu kule South C, na ndiye aliyekuwa kwenye lifti.

Chakula cha jioni tulikwenda kula kwenye mkahawa wa bustanini ambao sitautaja: taa ndogondogo mitini, mishumaa mezani, chemchemi inatiririka. Safu ya Mahaba ilijaa, ya Miti ilijaa. Ilibaki ya tatu.

"Nyama yenu ni halali?" Mwalimu akamuuliza mhudumu.

"Kabisa. Imeingia leo asubuhi."

"Anachinja nani?"

"Inakuja imeshachinjwa."

Jibu hilo kwa Kenya si baya. Kwa kawaida wachinjaji wa machinjioni huku ni Waislamu, kwa hiyo ng'ombe na mbuzi wengi hufika buchani wakiwa hawana tatizo. Tatizo huwapata jikoni.

"Na jiko la kuchomea, ni moja na la nguruwe?"

"Hapana, mzee. Nguruwe tunamweka upande wa kushoto."

Mpishi akaitwa. Kijana mstaarabu, akajifuta mikono, akasema kuku tunaweza kula bila wasiwasi, ila mchuzi wake una divai, kidogo tu, na yote hupanda na mvuke. Mtu mwingine angeishia hapo. Mwalimu akatoa daftari. "Kidogo ni kiasi gani?" Nusu kikombe kwa sufuria. "Sufuria ya lita ngapi?" Nikaona meza za jirani zimeanza kugeuka. Tukaomba samaki, kimbilio la kila Mwislamu ugenini. Samaki alikuwa amekwisha. Tukaomba chipsi. Mpishi akasema chipsi hazina shida yoyote, mafuta ni yale yale ya soseji. "Soseji za nini?" Mpishi akamtazama mhudumu, mhudumu akaitazama chemchemi.

Tulikula kachumbari. Ilikuja kwenye sahani kubwa nyeupe, imepangwa katikati kwa ufundi, na bei yake ingenunua gunia la nyanya Kongowea. Tukarudi chumbani tukatoa mahamri ya mama mkwe na achari, tukawasha taa ya kando ya kitanda, na Mwalimu, ambaye hakubali kushindwa na daftari lake mwenyewe, akafungua pazia ili mti wa nje uonekane, akatia alama safu zote tatu. Ndipo simu yake ikalia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia mko Nairobi."

"Ndiyo, shangazi, tulikuwa—"

"Mko kwa nani?"

"Tuko hotelini, shangazi."

Kimya. Hata mimi nilikisikia kile kimya.

"Hotelini," akasema shangazi. "Kwani mimi nilikufa lini, mbona sikuambiwa?"

Tulipewa siku moja ya msamaha kabla ya kwenda kwake, nayo Mwalimu akaamua kuikamua mpaka tone la mwisho. Asubuhi Karura, kwa baiskeli za kukodi. Msitu ni mzuri kweli. Baridi yake ina harufu ya majani, kuna mianzi, kuna maporomoko ya maji, na nyani hawakuja kutusumbua. Mwalimu alikuwa mbele akinielezea jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa mwaka 1999 walipokuja kupanda miti hapo ili msitu usigawiwe wajenzi, na kwamba miaka mitano baadaye mama huyo huyo akapewa Tuzo ya Nobeli. Nilikuwa namsikiliza kwa moyo wote. Na kwa kuwa nilikuwa namsikiliza, sikuhisi buibui langu likiingia kwenye mnyororo.

Mnyororo wa baiskeli hauna pupa. Hula kitambaa jino kwa jino, na wewe unadhani ni mlima tu umekuwa mkali. Nilipotanabahi ulikuwa umeshanifikia gotini, nimeinama upande mmoja, mguu mmoja chini, mwingine mateka. Wakimbiaji waliovalia nguo za kubana walinipita kushoto na kulia wakinitakia asubuhi njema. Mwalimu aliurudisha mnyororo nyuma, ukakataa; akausukuma mbele, ukala zaidi. Karura watu huruhusiwa kutembea na mbwa wao wakiwa kambani, na mmoja, mkubwa, mwenye pua iliyolowa, akapenda kujua kumetokea nini. Akanusa buibui kwa utulivu, akapangusa pua, akaenda zake.

"Lioshwe mara saba," Mwalimu akanikumbusha, angali amechuchumaa. "Moja kwa mchanga."

Nilimwambia mchanga nauona, ila namtafutia matumizi mengine.

Fundi wa baiskeli alikuja na mkasi. Nilitoka msituni nikiwa na buibui upande mmoja, na upande wa pili gauni la kizushi lenye grisi, suruali ya mazoezi ikichungulia chini. Hata hivyo nilikuwa nimesoma daftari usiku, kwa siri, na nilijua kuna jambo la kunifariji: "Saa tano na nusu: busu." Nilipaka hata mafuta ya midomo ndani ya teksi.

Teksi ikatupeleka Lang'ata, kwenye kituo cha twiga. Pale hupewa mgeni konzi ya chakula cha twiga, na wakati ule walio mashujaa waliweka punje moja kati ya midomo, twiga akaja kuichukua kwa ulimi wake mweusi, mrefu unaokaribia nusu mita. Mwalimu akavua miwani, akaweka punje, akafumba macho. Twiga akamlamba kuanzia kidevuni mpaka paji la uso. Watalii wakapiga makofi. Yeye akageuka kwangu, uso unang'aa mate, akaanza kunitolea fatwa: sisi Mashafii nyama ya twiga tumekhitilafiana, Imam Nawawi kaihesabu haramu, Subki kaihalalisha, lakini mate yake hayana mgogoro, ni safi, si kama ya yule mbwa. Nikamwambia halali au haramu, asinisogelee mpaka apige mswaki.

Chakula cha mchana nilichagua mimi. Eastleigh. Nilisema daftari lifungwe, na kwa buibui lile hakuwa na ujasiri wa kubisha. Tuliingia hoteli moja ya Kisomali, tukapelekwa kwenye kijichumba cha familia, pazia likavutwa. Wali wa viungo umefuka, paja la mbuzi limelainika mpaka mfupa unajitoa wenyewe, ndizi mbivu pembeni, chai ya maziwa ya ngamia. Hakuna aliyeulizwa swali hata moja, na nyuma ya lile pazia ndipo peke yake, safari nzima, tulipokaa wawili bila mzee, mbwa wala twiga. Miti haikuwapo, ila kulikuwa na maua ya plastiki kwenye kopo, na Mwalimu kwa ukarimu akayatilia alama. Tulipotoka nilinunua mapazia na buibui jipya.

Kwa shangazi sitaeleza sana, kila mwenye shangazi anajua. Papa mkavu, ambaye kule hotelini alishafanya mabata maji ya taulo yanyauke na mfanyakazi wa usafi agonge mlango mara kwa mara akiuliza kama tuko salama, alipokewa kwa vigelegele. Biriani ilikuwa ya watu ishirini. Mzee wa lifti naye alialikwa. Shangazi alingoja mpaka vinywa vyote vikajaa, akasema kwa upole, "Haya, mwanangu, hebu tuelezee ile chupa." Kisha akaamua kwamba hatuwezi kwenda mbugani wawili tu, ni ubadhirifu wa mafuta, na wajukuu wake wako likizo.

Basi mbuga niliiona nimempakata mtoto, kwenye gari ambalo Mwalimu alikaa siti ya nyuma kabisa na sufuria. Mbugani hushuki garini popote upendapo. Ziko sehemu maalumu, mojawapo pale Rais Moi alipoteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989. Hapo ndipo tulipokula viporo vya biriani, wajukuu wakitaka kujua kama majivu bado yapo. Kifaru tulimwona mmoja, kwa mbali, ametupa kisogo.

Kwa mwenye mke na nia kama ya Mwalimu, nasema hivi. Nairobi nendeni, inafaa. Miti ni Karura, lakini buibui lifungwe kiunoni au muende kwa miguu. Tumbo mlipeleke Eastleigh au South C. Mkahawa wenye taa mitini ni wa kunywea juisi. Hoteli waambieni kabla hamjafika kwamba chupa hamtaki. Na mzigo wa shangazi upelekeni siku ile ile mnayoshuka kwenye treni, mle chakula chake, muage kwa adabu. Atawapigia tena, lakini walau hatakuwa na la kuuliza.