Futi Saba na Ushei: Ngazi Tisa za Hasheem Thabeet, Zikihesabiwa Kutokea Nyarugusu

Sisi wa Shinyanga na Geita tuna ruhusa ya kumtania mtu wa Pwani. Hatukuiomba serikalini, mababu waliipata njiani enzi za misafara, na mpaka leo mtani anaweza kukaa mlangoni kwenye msiba na kugoma jeneza lisitoke hadi alipwe chochote. Kwa ruhusa hiyohiyo, leo ni zamu ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mzaliwa wa 16 Februari 1987, sentimita 221 kutoka unyayo hadi utosi, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Shemeji yangu, ambaye ana duara la dhahabu Nyarugusu ya Geita na maoni juu ya kila kitu, aliposikia naandika habari hizi aliuliza: "Si yule mrefu aliyeshindwa Marekani?" Orodha hii ni jibu lake. Inahesabu kutoka tisa kuja moja. Nimempa haki ya kuingilia, maana hata nisipompa ataingilia tu.

9. Kuanza na ndevu

Wamarekani huwapa watoto wao mpira wa kikapu wakiwa bado wanafutwa kamasi. Thabeet aliugusa kwa maana akiwa na miaka 15, akaibukia Sekondari ya Makongo. Kwa mchezo ule, kuanza na miaka 15 ni sawa na kufika harusini watu wanaosha masufuria.

Angezaliwa huku tungemwona mapema zaidi, ila si kwa kikapu. Kijana mrefu wa Kisukuma anasubiriwa na kazi mbili: kudaka golini na kuangua maembe. Kikapu kwetu mara nyingi kinachezwa kwenye sakafu ya saruji ileile ya netiboli, baada ya akina dada kumaliza. Kule Ufilipino mtu wa futi tano na nusu anafunga ringi kwenye mnazi na kuanza kujiita pointi gadi. Wangemwona huyu wa kwetu amesimama golini anasubiri kona, wangelia.

8. Cypress Christian, Houston

Shule ndogo, jimbo kubwa, joto la kumfanya mtu wa Dar asahau kwamba amehama. Hakukaa sana. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Connecticut kikamchukua, na huko joto likaisha.

7. Bismarck, mwezi wa pili

Februari 2010, miezi minane baada ya kuchaguliwa wa pili katika Marekani nzima, Memphis Grizzlies walimteremsha ligi ya maendeleo, kwenye timu ya Dakota Wizards. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kuteremshwa kabla yake. Makao ya Wizards yalikuwa Bismarck, Dakota Kaskazini. Naomba msomaji aifungue ramani, kisha atafute hali ya hewa ya Bismarck mwezi Februari, kisha amfikirie mtoto aliyekulia Dar.

"Hiyo si kushushwa daraja," akasema shemeji. "Hiyo ni kuhifadhiwa kwenye friji."

6. Chenji

Kuna wachezaji wanaouzwa, na kuna wachezaji wanaotumika kama chenji ili hesabu ya mwenzao itimie. Februari 2011 Memphis walimtaka Shane Battier wa Houston. Thabeet akaenda upande wa pili. Machi 2012 Houston nao wakamtaka Marcus Camby wa Portland. Thabeet akaenda Portland, safari hii akiwa na pointi gadi mmoja anayeitwa Jonny Flynn. Jina hilo uliweke akilini, litarudi kwenye ngazi ya pili likiwa linahema.

5. Oklahoma City

Hapa ndipo aliponyamazisha watu kidogo. Msimu wa 2012–13 alicheza mechi 66 akiwa na Oklahoma City Thunder, timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook. Kazi yake ilikuwa kumpumzisha Kendrick Perkins, kusimama chini ya kikapu, kutoa faulo zinazohitajika na kurudi benchi bila kelele. Wastani wake ulikuwa pointi 2.4 na ribaundi 3.

Shemeji akacheka namba hizo. Nikamuuliza kama anaijua kazi ya mtu anayeshika kamba juu ya duara. Hachimbi, wala mawe hayapimwi kwa jina lake. Akasema, "Huyo usimguse, huyo analipwa." Thabeet pia alilipwa.

Tena Julai 2012 alipotua Oklahoma alimkuta James Harden, aliyechaguliwa wa tatu mwaka uleule wa 2009, nyuma yake moja kwa moja. Wa pili na wa tatu, kikosi kimoja. Oktoba Harden akapelekwa Houston, akawa Harden huyu tunayemjua. Thabeet akabaki.

4. Mzee wa Asia

Mtu aliyeshindwa huenda nyumbani. Huyu alienda Japani kuichezea Yokohama B-Corsairs, akarudi Marekani ligi ya maendeleo na Fort Wayne Mad Ants akiwa na zaidi ya miaka 30, kisha Taiwan, kwanza na Hsinchu Lioneers, halafu na timu ya Tainan. Taiwan walimpenda. Ukiwa na sentimita 221, kuna nchi ambazo huhitaji hata kuruka.

"Kwa hiyo alikuwa anatafuta fedha," alisema shemeji. Ndiyo, shemeji. Na wewe Nyarugusu unatafuta upepo.

3. Usiku wa 25 Juni 2009

Hapa tukae kidogo, maana ndipo kesi yote ilipo.

New York, usiku wa kuchagua wachezaji wapya. Wa kwanza, Blake Griffin, akaenda Clippers. Wa pili, Hasheem Thabeet, Memphis. Akapanda jukwaani, akapeana mkono na David Stern ambaye ilibidi atazame juu kama anayekagua dari. Baada yake: Harden wa tatu, Tyreke Evans wa nne, Ricky Rubio wa tano, Flynn wa sita, na wa saba kijana mwembamba wa Davidson anayeitwa Stephen Curry.

Tangu siku hiyo kila mwezi Juni Marekani hutoa orodha ya makosa makubwa ya uchaguzi, na jina la ndugu yetu halikosekani. Mechi zake zote za NBA ni 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Mbele ya namba za Curry ni kama risiti ya maji ya kunywa.

Lakini muulize mtu yeyote wa Katoro au Lwamgasa jinsi mwamba unavyonunuliwa. Mnunuzi anaangalia ukubwa, anaangalia mshipa unavyong'aa, anagonga, anatikisa kichwa kama profesa, anatoa fedha. Mawe yanaenda karasha, yanasagwa, yanapita kwenye mwalo, na mwisho kuna mizani. Mzigo ukitoka mwepesi, hakuna anayelilaumu jiwe. Anachekwa aliyenunua kwa macho. Geita kuna soko la dhahabu tangu 2019 ili mambo yaende kwa kipimo, na bado huko porini watu wananunua kwa macho.

Memphis walinunua kwa macho. Tena walikuwa tayari na senta, Marc Gasol, ambaye 2013 alikuja kutangazwa mlinzi bora wa NBA nzima. Wakamchukua kijana aliyekuwa na miaka saba tu tangu aguse mpira, anayehitaji dakika nyingi uwanjani ili ajifunze, wakamweka nyuma ya mtu asiyetoka uwanjani. Halafu wakashangaa hajifunzi. Halafu Bismarck.

Shemeji alikaa kimya muda mrefu kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu. Kisha: "Sawa. Ila Curry alikuwa pale." Nikamjibu kwamba Curry alikuwa pale kwa timu tano, na Minnesota walichagua mara mbili mfululizo, wa tano na wa sita, wote mapointi gadi, wakampita mara zote mbili. Mbona wao hawachekwi Shinyanga? Kwa sababu hawana mtani.

2. Mechi iliyogoma kuisha

Robo fainali ya Big East, Connecticut na Syracuse, Madison Square Garden. Ilianza usiku wa 12 Machi 2009. Kwetu ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri ya tarehe 13, majogoo yanajiandaa. Muda wa kawaida ukaisha sare. Nyongeza ya kwanza, sare. Ya pili, sare. Jua likachomoza Mwadui. Ya tatu, sare. Daladala za Kahama zikajaa. Ya nne. Ya tano. Ilipofika saa mbili na ushei asubuhi, wachimbaji wakiwa wameshateremka, Syracuse walishinda 127 kwa 117 baada ya nyongeza sita.

Thabeet alitoka na pointi 19, ribaundi 14 na mitupo sita aliyoizuia. Pointi gadi wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70 na kufunga pointi 34. Jina lake? Jonny Flynn. Miaka mitatu baadaye, karibu tarehe zilezile, mashujaa hao wawili wa usiku huo walifungwa kwenye furushi moja wakapelekwa Portland kubadilishwa na mzee Camby, mtu wa miaka 37. Shemeji alitaka kusema kitu, akaona afadhali anywe chai.

Na isidhaniwe kwamba hiyo ilikuwa bahati ya usiku mmoja. Kwa misimu mitatu ya chuo Thabeet alizuia mitupo 417. Katika historia ya Connecticut aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake. Mara mbili, 2008 na 2009, alikuwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo iliyokuwa kali kuliko ligi za watu wazima za nchi kadhaa. Dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10 katika mechi moja. Bloku kumi, yaani watu kumi walitupa mpira wakiamini utafika. Mwezi Aprili timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, Michigan State wakaizuia 82 kwa 73 huko Detroit.

"Kwa hiyo hakushindwa Marekani," alisema shemeji, kwa sauti ya mtu anayerudisha jembe la kuazima.

Kwa kuwa alikuwa ameshalegea, nikamkumbusha kwamba timu yake ya soka, Geita Gold, iliwahi kushinda 8–0 mwaka 2016, na zawadi yake ikawa adhabu ya TFF kwa upangaji wa matokeo, nafasi ya kupanda daraja ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Akanijibu kwa George Mpole wa Geita hiyohiyo, mabao 17 msimu wa 2021–22, moja zaidi ya Mayele wa Yanga. Tukaitana sare.

1. Zawadi ya siku ya kuzaliwa

Tarehe 16 Februari 2009 Thabeet alitimiza miaka 22. Connecticut walikuwa nambari moja nchini, wako Hartford, nyumbani, na mgeni ni Pittsburgh. Mgeni huyo alikuwa na kijana anayeitwa DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa zaidi ya nusu futi, mpana kama mlango wa ghala la pamba. Mapema kwenye mechi mikono yao ilinasana wakigombea ribaundi, Blair akageuka, na Watanzania wote waliokuwa macho wakamwona mwenzao wa sentimita 221 akipita hewani juu ya bega la mtu na kutua chali. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi tano na ribaundi nne. Pittsburgh 76, Connecticut 68. Heri ya kuzaliwa.

Sasa sikiliza. Msimu ulipoisha, makocha wa Big East waliketi kumchagua mchezaji bora wa mwaka. Wakamchagua Blair. Na wakamchagua Thabeet. Wote wawili, kwa pamoja, mtupaji na mtupwaji. Kisha ikaja Juni: aliyetupwa akachukuliwa wa pili, na aliyemtupa akasubiri hadi wa 37, kwa sababu madaktari wa timu hawakuyapenda magoti yake.

"Ngoja," alisema shemeji. "Hilo kombe la mchezaji bora lilikaa kwa nani?"

Sijui, shem. Lakini kama ni kugombea, mimi nisingekwenda kulidai kwa Blair.